Noti Mbili Katika Njia ya Tanga

 

Wiki iliyopita hamkutuona katika ukurasa huu, na baadhi yenu mlituma watoto nyumbani kuuliza iwapo tu wazima. Tu wazima, alhamdulillahi. Tulikuwa Tanga kwa msiba. Shangazi yetu aliyetupokea tulipokwenda huko kusoma chuo tukiwa vijana wa kuanza kuota ndevu, akatulisha na kutufulia kanzu miaka mitatu bila kutuhesabia, amekwenda mbele ya haki. Tunawashukuru wote mliomuombea. Tungeweza kuishia hapo na kurejea kwenye mada yetu ya malezi tuliyoiacha nusu. Lakini katika safari ile lilitupata jambo, na kila tukiliweka kando linarudi. Tumeona tuwaandikie, ingawa halitupendezeshi sisi wenyewe.

Habari ya kifo ilitufikia usiku wa Jumapili, saa nne. Maziko yalipangwa Jumatatu baada ya sala ya alasiri. Na palikuwa na wasia. Marehemu alikuwa amesema tangu miaka mingi, na kila mtu katika nyumba ile alijua, kwamba katika wanawake watakaomuosha awemo mama watoto wetu. Wawili hao walipendana mapenzi ambayo hatukuwahi kuyafahamu sababu yake. Tulipooa, shangazi alimchukua bibi harusi akatusahau sisi. Kwa hiyo halikuwa suala la kufika Tanga tu. Ilibidi kufika kabla ya maji.

Tulivuka kivuko cha Likoni kabla ya jua kuchomoza, sisi, mama watoto, na binti yetu wa mwisho aliye kidato cha tatu, mwenye miaka 17. Tulipanda basi. Ukunda ikapita, Msambweni ikapita. Ni njia ya kilomita 100 hivi hadi Lunga Lunga, na ng'ambo ya pili Horohoro, kisha Tanga. Kwa watu wetu mpaka ule ni kama uzio uliopigwa katikati ya ua wa nyumba moja. Waingereza na Wajerumani walipokubaliana mwaka 1886 kuupiga mstari kuanzia karibu na mlango wa mto Umba, hawakuuliza Mdigo wala Msegeju yupi analala upande upi. Mpaka leo mtu anaoa huku na kuzika kule. Basi safari ya aina yetu ni ya kila siku, na waliosimama njiani wanajua kwamba katika kila basi hapakosi mtu anayewahi jambo.

Kizuizi cha polisi kilichotusimamisha hatutasema kiko upande gani wa mpaka. Kwanza, kusengenya ni haramu hata kwa asiyetutendea wema, na ukitaja mahali na siku umemtaja mtu. Pili, tumeyaona ya namna hiyo pande zote mbili, na hatupendi msomaji wa upande mmoja apate nafasi ya kumcheka mwenzake. Hata shilingi zenyewe zilikuwa za nchi gani, tunaomba tusiulizwe.

Askari aliyepanda ndani alikuwa kijana wa heshima katika maneno. Alitoa salamu, akaanza kukagua pasipoti na kadi za manjano kiti kwa kiti. Alipofika kwa mama watoto aliikunjua ile kadi, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mama, kadi hii muda wake umekwisha."

"Umekwisha vipi, mwanangu?"

"Imeandikwa 2011. Miaka kumi imepita. Huwezi kusafiri nayo. Ama uchanjwe upya ama urudi ulikotoka."

Sisi tulikuwa bado tunatafuta maneno. Binti yetu akatangulia. "Samahani afande, kadi hizi sasa ni za maisha. Sheria ilibadilishwa."

"Wewe ni daktari?"

"La, afande."

"Basi shuka uje unifundishe vizuri."

Akachukua pasipoti ya mtoto na ile kadi ya mamake, akashuka, na mtoto nyuma yake. Pembeni mwa barabara palikuwa na kibanda cha mabati, na askari mwingine ameketi nje yake na chupa ya chai. Mama watoto alitushika mkono. Hakupiga kelele, alisema kwa sauti ya chini, "Shehe, fanya lolote mtoto arudi." Wakati huohuo utingo alikuwa anapita katikati ya viti akisema, "Wazee wangu, mama zangu, tusicheleweshane, kila mtu na ya maji yake," na watu wanafungua mifuko na vikunjo vya leso kama wanaolipa nauli. Hapana aliyeuliza ya maji gani. Tulitazama saa. Ilikuwa saa tatu na robo.

Tukashuka. Tulichukua noti mbili, tukazikunja mara nne, na tulipompa yule kijana mkono wa kuagana, mkono ukarudi mtupu. Ndugu wasomaji, yapo mambo ambayo mtu huyafanya mara ya kwanza kwa kubabaika. Sisi hatukubabaika. Mkono wetu uliijua njia. Ulikuwa umewahi kwenda huko mara nyingi, kwenye vizuizi vya usiku, kwenye madirisha ya ofisi, na kila mara tulijiambia kwamba ni dharura. Hilo ndilo lililotuuma kwanza, kuona namna mkono ulivyokuwa hodari.

Binti yetu alirudi kitini. Hakutuangalia.

Kulikuwa na abiria mmoja aliyekataa. Mama wa makamo, mfanyabiashara, alikuwa na furushi la kofia za mkono, zile zinazoshonwa na akina mama wa kwetu kwa miezi na miezi. Askari alimwambia mzigo wake ni wa biashara na una ushuru. Yeye akajibu kwamba wenye haki ya kuuliza ushuru ni watu wa forodha, na kama afande anataka kupokea pesa, ampe risiti. Alilisema bila hasira, kama anavyosema mtu dukani. Furushi likashushwa, naye akashuka nalo. Dereva akapiga honi mara mbili, akasubiri kidogo, kisha akaondoa gari. Kiti chake kilibaki kitupu hadi Tanga. Hapana aliyesema neno. Sisi tulikuwa na tasbihi mkononi, na tulikuwa tunaivuta.

Tulifika. Mama watoto alikuta maji yameshatiwa karafuu maiti na wenzake wanamngojea mlangoni. Alimuosha shangazi kama alivyousia. Sala ya jeneza tulipewa sisi kuisalisha, na jamaa wakatusifu kwa kuwahi kutoka mbali. Ikiwa mtu angetuuliza jioni ile kama noti mbili zile zilikuwa na thamani, tungesema ziliinunua siku nzima.

Usiku wa pili wa matanga, wanaume tukiwa barazani, mazungumzo yakaangukia huko. Kila mmoja alikuwa na kisa chake cha njiani. Mzee mmoja akatugeukia: "Shehe, na hukumu yake?" Tukaitoa, kwa sababu tunaijua vizuri, tumeifundisha miaka. Tukasema kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amemlaani mwenye kutoa rushwa na mwenye kuipokea, na kwamba wanavyuoni wamemtia humo na anayekwenda baina yao. Hapo wote tukamkumbuka utingo. Tukakumbusha kisa cha yule mkusanya zaka aliyerudi Madina akagawa mafungu mawili, hili lenu na hili nimepewa zawadi, na namna Mtume alivyopanda mimbari na kuuliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi zingemfuata huko. Maana yake ni kwamba "chai" hailetwi kwa mtu, inaletwa kwa sare.

Kisha tukasema, na hapa sauti yetu iliongezeka kidogo, kwamba wapo wanavyuoni waliotenganisha baina ya anayetoa ili apate kisicho chake na anayetoa ili ajiondolee dhuluma, na kwamba imepokewa kuwa Ibn Masud, radhi za Mungu zimfikie, alipokamatwa katika nchi ya Habasha alitoa dinari mbili mpaka akaachiliwa. Dinari mbili. Barazani wakatikisa vichwa. Nasi tulilala usiku ule kwa raha.

Raha hiyo ilidumu mpaka siku ya kurudi. Tuliketi na binti yetu kiti kimoja, mama yake akiwa mbele amesinzia. Alianza bila utangulizi.

"Baba, naweza kukwambia kitu?"

"Sema, mama."

"Ulipomfikia yule afande, alikuwa ameshanirudishia pasipoti, na kadi ya mama. Aliniambia, nenda, na ukome kuwajibu wakubwa. Nilikuwa nageuka nirudi kwenye gari, ndipo nikakuona unampa mkono."

Tukamuuliza mbona hakusema siku ile. Akasema, "Palikuwa na msiba."

Mwenye elimu ndogo huenda asione kitu hapo. Lakini wale waliotoa ruhusa hawakuiacha ikiwa wazi kama mlango wa msikiti. Waliifungia masharti: kile unachokitaka kiwe haki yako, uwe umejaribu njia nyingine na usiione, na kutoa kwako kusimdhuru mtu wa tatu. La kwanza tulikuwa nalo. La pili hatukulijaribu hata kwa neno moja. Hatukusema, "Kijana wangu, naomba kuzungumza na mkubwa wako." Hatukuuliza jina wala namba begani. Mtoto wa miaka 17 alikuwa ameshaijaribu njia hiyo kwa ulimi mtupu, na ilikuwa imefunguka, nasi tukaja kulipia mlango ulio wazi. Ama la tatu, tulilifahamu muda mfupi baadaye.

Mpakani, katika foleni ya uhamiaji, tulimkuta yule mama wa kofia, naye anarudi. Tukamsalimia, tukamuuliza ilikuwaje. Alikaa chini ya mti saa tatu na zaidi. Walimpa chai, akaikataa kwa kuwa, alisema huku akicheka, hakutaka ije ikahesabiwa. Zamu ikabadilika, mkubwa mwingine akaja, akatazama furushi, akauliza huyu mama kazuiwa kwa kosa gani, na kwa kuwa hapana aliyejua kosa, akaachiliwa bila kutoa senti. Lakini mnunuzi wake alikuwa ameondoka, akalala kwa watu, na kofia zikauzwa kesho yake kwa bei ya chini.

Tulijaribu kusema maneno ya pole. Akatukatiza kwa adabu. "Shehe, mimi sikuchukia nyinyi kutoa. Kila mtu na shida yake, na nyinyi mlikuwa na maiti. Nilichochukia ni kwamba gari zima liliondoka, na hapana hata mmoja aliyechungulia dirishani akauliza, huyu mama vipi."

Tangu tuanze kupanda mimbari hatujapata kusikia waadhi mfupi kuliko huo. Ni kweli, kutoa kwetu ndiko kulikomtenga. Watu 40 wakikataa ni gari lililokataa. Watu 39 wakitoa, aliyebaki ni mkorofi. Tukamuomba atusamehe. Akasema amesamehe, kisha akafungua furushi akatuonyesha kofia zilizobaki. Tukanunua mbili, na hatukuomba kupunguziwa.

Tuliporudi tulikwenda kwa mwalimu wetu, ambaye sasa haoni vizuri lakini anasikia kila kitu, tukamsimulia yote tukitaraji atatafuta jina zuri la kulipa tendo letu. Alisema, "Za noti mbili leta istighfari. Na usiwahadithie watu Ibn Masud mpaka uwahadithie na mama wa kofia." Ndiyo maana mnayasoma haya.

Tuliyahadithia kwanza katika darsa ya akina mama. Tulidhani watatuonea haya. Walicheka mpaka tukaacha kusoma. Kumbe wao ndio wenye elimu ya jambo hili, kwa kuwa wengi wao huvuka kila mwezi na mizigo midogo. Mmoja alisema askari akimtisha yeye hutoa kalamu na daftari polepole, hasemi kitu, anaandika tu tarehe na saa. Mwingine alisema makosa mengine huanzia kwetu: tunapita njia za panya kukimbia foleni, hatugongewi muhuri, kisha tunalia tukikamatwa. Huyo hakupendwa sana na wenzake, lakini alisema haki. Mwengine, mwanawe ni askari, alinyamaza muda mrefu kisha akaomba tusiwasahau vijana wanaorudi nyumbani na mshahara wao tu na kuonekana wajinga na wenzao. Tumemuahidi kuwaandikia hao siku yao, inshallah, kwa maana nasi tunao wanafunzi wetu waliovaa sare hiyo.

Tukafuatilia pia yale ambayo tungepaswa kuyajua kabla ya kupanda gari, na tunayaweka hapa kwa faida ya anayesafiri. Kuhusu kadi ya manjano, binti yetu alisema kweli: tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha maisha yote ya mwenyewe, pamoja na vile vilivyotolewa zamani vikaandikwa miaka kumi. Msikitupe cha zamani. Kuhusu biashara ndogo, mama wa kofia naye alisimama mahali pake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu uliorahisishwa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000, ikiwa bidhaa ni za nchi zetu na zimo katika orodha iliyokubaliwa. Mtu hupata cheti rahisi cha uasilia hapo hapo forodhani na halipi ushuru wa kuingiza. Bidhaa iliyotoka ng'ambo ya bahari haimo humo, msije mkatulaumu kwa marinda ya Dubai.

Na sheria za dunia katika hili zimekaa karibu na fikihi kuliko tulivyodhani. Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016, na ile ya Tanzania ya mwaka 2007 ya kuzuia na kupambana na rushwa, zote zinamshika anayetoa kama anayepokea. Mwenye kutaka kushtaki ana namba isiyo na malipo: 1551 kwa tume yetu ya maadili na kupambana na ufisadi, na 113 kwa TAKUKURU ya Tanzania. Tumeziandika nyuma ya daftari la safari. Mama watoto ameziandika pia ndani ya kifuniko cha ile kadi yake ya 2011.

Arubaini ya shangazi inakaribia, na jamaa wametuita kwa ajili ya hitma. Tutaondoka alfajiri ya Alhamisi, inshallah, basi lile lile. Binti yetu, ambaye shule zitakuwa zimefungwa, ametuomba mambo mawili kabla hatujakata tikiti: akae yeye kiti cha upande wa njia, na noti zetu zote, kubwa na ndogo, zishikwe na mama yake.